Kuovakloki Kadi ya Grafiki ya Laptopu Bila Kuiunguza: Mwongozo Kamili

Kuovakloki ni kupandisha kasi ya chipu kupita ile ya kiwandani. Kadi ya grafiki ya kompyuta ya mezani ina feni zake na nafasi yake ya kupumua. Kwenye laptopu, kadi na prosesa mara nyingi hugawana mabomba yaleyale ya shaba na feni mbili nyembamba. Kwa hiyo kadi nyingi za laptopu hukwama kwa sababu zimegonga dari ya joto au dari ya wati, wakati chipu yenyewe bado ina nguvu ya ziada. Ukisukuma kasi juu bila kushughulikia dari hizo, utaona namba kubwa kwa dakika mbili, kisha kadi itajibana, yaani itajipunguza kasi, na mchezo utakuwa mzito kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi hapa ni huu: joto kwanza, ulinzi wa pili, kasi mwisho. Mfano tunaoutumia ni RTX 3060 ya laptopu, iliyotoka Januari 2021. Ina memori ya GB 6 ya aina ya GDDR6, na mtengenezaji wa laptopu huruhusiwa kuipa wati 60 hadi 115. Laptopu mbili zenye stika moja zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo usinakili namba za mtu mwingine. Hatua ni zilezile kwa GTX 1650, RTX 3050, RTX 4060 na ndugu zake. Kwa kadi za AMD, marekebisho hufanyika kwenye programu ya Adrenalin, na kwenye laptopu nyingi sehemu hiyo imefungwa.

Tarajia ongezeko la asilimia 5 hadi 10. Anayekuahidi asilimia 30 hajapima.

Mwili wa mashine kwanza

Zima laptopu, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, kisha chomoa plagi ya betri. Unapopuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha plastiki, maana feni ikizungushwa na upepo mkali huharibika beringi. Vumbi baya halikai kwenye mapanga unayoyaona. Limejificha kati ya feni na mapezi ya shaba, limeshikana kama kipande cha blanketi la kijivu, na mara nyingi hutalifikia mpaka ufungue skurubu za feni na kuiinua. Likamate kwa pinseti. Kwa kawaida linatoka kipande kizima, na hicho kipande peke yake kinaweza kukupunguzia nyuzi kadhaa.

Pesti ya joto, ile iliyo kati ya chipu na sahani ya shaba, ibadilishe kama ina miaka kadhaa au kama vipimo vya baadaye vitaonyesha haishiki vizuri. Sahani ya shaba ina namba karibu na kila skurubu: fuata mpangilio huo, na unaporudisha kaza kila moja nusu nusu hadi zote zikae sawa. Chagua pesti nzito, au karatasi inayoyeyuka kwa joto kama Honeywell PTM7950, kwa sababu pesti nyepesi husukumwa pembeni taratibu kila chipu inapopata joto na kupoa. Zile pedi laini zilizo juu ya memori usizibadilishe kwa kukisia unene. Pedi ya milimita 1 mahali pa milimita 0.5 huinua sahani yote, na chipu inabaki haijaguswa sawasawa. Metali ya maji tuiache kabisa: inapitisha umeme na inakula alumini.

Inua nyuma ya laptopu sentimita 2 au 3. Vitabu viwili vinatosha, mradi visizibe matundu.

Kumbuka pia joto la chumba. Feni inapoza kwa hewa iliyopo, kwa hiyo kadi inayosimama kwenye 74°C katika chumba cha 22°C itakuwa karibu 84°C katika chumba cha 32°C. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayepima saa nane mchana mwezi wa Februari anaanza na mzigo ambao mtu wa Ulaya hana. Pima katika saa ambazo unatumia mashine kweli, siyo usiku wa manane wakati kumepoa.

Tumia chaja yake halisi. Chaja ndogo ya USB-C ya wati 65 au 100 haitoshi kadi ya aina hii, na ukiwa kwenye betri kadi hupunguzwa wati hata ufanye nini. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, tupa matokeo hayo uanze upya.

Na kama kifuniko cha chini kimevimba au sehemu ya kugusa imeinuka, acha hapo hapo. Hiyo ni betri iliyovimba, na kuiongezea joto ni hatari kwako na kwa nyumba.

Programu unazohitaji

MSI Afterburner hufanya kazi na kadi ya chapa yoyote. Ipakue kwenye tovuti ya MSI au Guru3D tu, kwa sababu zipo tovuti bandia zinazofanana nayo na hubeba virusi. Inakuja na RivaTuner, ambayo huonyesha vipimo juu ya mchezo na kuweka kikomo cha fremu. Ongeza HWiNFO64 kwa ajili ya sensa na ulinzi, GPU-Z kwa kujua sababu ya kadi kujibana, na Unigine Heaven na Superposition kwa majaribio. FurMark, programu nyingine ya majaribio, usiiendeshe kwenye laptopu. Inaikamua kadi kwa namna ambayo hakuna mchezo unaofanya, inachemsha sehemu za kugawa umeme, na matokeo yake hayakufundishi kitu.

Kabla ya yote, iulize kadi mipaka yake. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

nvidia-smi -q -d TEMPERATURE

Tafuta mstari wa "GPU Target Temperature". Hilo ndilo joto ambalo kadi huanza kujipunguza yenyewe, na kwenye laptopu nyingi za kizazi cha RTX 30 utakuta 87. Mistari ya "Slowdown" na "Shutdown" iko juu zaidi, na haitakiwi kukaribiwa kamwe. Kadi mpya zaidi huweza kuonyesha umbali uliobaki kufikia kikomo badala ya kikomo chenyewe, kwa hiyo soma jina la mstari vizuri. Namba ya "Target" iandike. Katika mfano wetu ni 87.

Vipimo vya mwanzo

Weka programu ya mtengenezaji wa laptopu yako kwenye hali ya utendaji wa juu, kwa sababu hali hiyo ndiyo inayoamua wati na kasi ya feni. Kwenye laptopu nyingi Afterburner haina mamlaka juu ya feni. Usibadilishe hali hiyo tena mpaka kazi iishe.

Endesha Heaven dakika 15 ili shaba yote ipate moto, kisha endesha Superposition mara tatu kwa mpangilio wa "1080p Medium" au "1080p High". Andika kwenye karatasi: alama za kila mara, joto la juu la kadi, joto la "Hot Spot" (sehemu ya chipu yenye joto kali zaidi), wati, kasi ya kiini (chipu ya kadi) iliyoshikiliwa, na joto la chumba. Jaribio la kwanza kadi ikiwa baridi lina alama za uongo, usilihesabu.

Sasa soma. Tofauti kati ya joto la kadi na "Hot Spot" kwa kawaida ni nyuzi 10 hadi 15. Ikipita 20, pesti haijashika au sahani imekaa upande. Rudi kwenye skurubu, usiendelee. Halafu angalia "PerfCap Reason" kwenye GPU-Z wakati mzigo unaendelea. "Pwr" maana yake dari ni wati, "Thrm" maana yake dari ni joto, "VRel" maana yake ni volteji. Ukiona "Thrm" kabla hujagusa chochote, mashine yako haina haja ya kuovaklokiwa. Ina haja ya kupozwa, na kasi iliyopotea itarudi yenyewe.

Kujenga ulinzi kabla ya kupandisha kasi

Sehemu hii wengi huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kadi ina ulinzi wake wa ndani, lakini huo umewekwa kuiokoa isife. Wewe unataka mashine irudi kwenye hali salama mapema, kabla memori, betri na plastiki ya kibodi havijapikwa kwa saa tatu.

Fungua Afterburner ikiwa haijabadilishwa chochote na uhifadhi hali hiyo kama profaili ya 1. Hiyo ndiyo hali ya kiwandani, na itabaki hivyo siku zote. Kisha fungua Notepad, andika mstari huu na uuhifadhi kwa jina rudi.bat:

"C:\Program Files (x86)\MSI Afterburner\MSIAfterburner.exe" -Profile1

Tengeneza faili la pili, liite dharura.bat:

nvidia-smi -lgc 210,900

Amri hii huifungia kadi isipite 900 MHz. Mchezo utakuwa mzito sana, lakini joto litashuka upesi. Kuiondoa, andika nvidia-smi -rgc kwenye Command Prompt ya msimamizi.

Ingia kwenye dirisha la sensa la HWiNFO64, fungua mipangilio, chagua sehemu ya "Alerts", kisha sensa ya "GPU Temperature". Weka tahadhari ya 83°C ipige sauti na kuendesha rudi.bat. HWiNFO hukuruhusu kusema hali ijirudie mara ngapi kabla ya kuchukua hatua. Weka 3, ili mruko wa sekunde moja usikukatize mchezo. Sensa husomwa kila baada ya sekunde 2, kwa hiyo utapata kama sekunde 6. Kama toleo lako linakubali tahadhari moja tu kwa kila sensa, dharura.bat ipachike kwenye "GPU Hot Spot" kwa 98°C. Kama linakubali mbili, ongeza 86°C kwenye sensa ileile. Kanuni ya namba hizi ni rahisi: tahadhari ya kwanza nyuzi 4 chini ya "Target" yako, ya pili nyuzi 1 chini yake.

HWiNFO huendeshwa kama msimamizi, na kila inachokifungua hurithi mamlaka hayo. Ndiyo sababu mafaili haya hufanya kazi bila Windows kukuuliza ruhusa katikati ya mchezo.

Halafu yajaribu. Shusha tahadhari hadi 60°C, anzisha Heaven, subiri. Usiposikia sauti na usipoona kasi ikibadilika, ulinzi haupo, hata kama kwenye skrini unaonekana upo. Kosa la kawaida ni njia ya faili iliyokosewa, au HWiNFO kufungwa baada ya kuwekwa. Lazima ibaki wazi kila unapotumia kasi iliyopandishwa. Ukishahakikisha, rudisha 83.

Ongeza kikomo cha fremu kwenye RivaTuner. Kama skrini yako ni ya 144 Hz, weka 140. Menyu za michezo zinajulikana kwa kuzalisha mamia ya fremu bure, na kadi huchemka hapo kuliko hata vitani.

Kushusha volteji: ovakloki ya kweli ya laptopu

Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Chipu inayofanya 1,650 MHz kwa milivolti 850, ukiweza kuifanyisha kasi ileile kwa 800, inakula karibu asilimia 11 pungufu ya umeme wa kazi. Wati hizo zilizookolewa kadi huzitumia kukaa juu bila kubanwa. Kiwandani huwekwa volteji ya akiba ili hata chipu dhaifu kabisa ifanye kazi, na chipu nyingi si dhaifu hivyo.

1. Endesha Heaven mpaka kadi ishike joto lake la kawaida, kisha ikiwa bado inazunguka, bonyeza Ctrl na F kwenye Afterburner. Mstari wa volteji na kasi utafunguka. Fanya hivi kadi ikiwa ya moto, maana mstari hushuka kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda. Ukiupanga kadi ikiwa baridi, kasi uliyoiona utaikosa mchezoni.

2. Soma kadi inakaa wapi chini ya mzigo. Tuseme ni 1,650 MHz kwa 850 mV.

3. Tafuta kitone cha 800 mV na ukiburute juu hadi 1,650.

4. Shikilia Shift, chagua vitone vyote vya kulia kwake, na uvishushe chini ya 1,650. Ukibonyeza alama ya kukubali, Afterburner itavinyoosha vyote kuwa mstari wa bapa. Kadi sasa haina sababu ya kupita 800 mV.

5. Hifadhi kama profaili ya 2. Endesha Heaven dakika 30, kisha Superposition mara tatu.

Ukiona alama zilezile au zaidi, na joto limeshuka nyuzi 3 hadi 6, umepata. Kama imetulia, panda MHz 15 kwa volteji ileile, jaribu tena. Kasi ya kadi hizi huenda kwa ngazi za 15, kwa hiyo kuongeza 7 ni kupoteza muda. Ikianguka, rudi ngazi tatu, yaani MHz 45. Ngazi moja haitoshi: sehemu iliyo jirani na pa kuangukia hushikilia Jumatatu na kukuangusha Ijumaa.

Wengine huruka mstari huu na kusogeza "Core Clock" moja kwa moja hadi +100 au +150. Inafanya kazi, lakini inainua mstari mzima, pamoja na sehemu za volteji ndogo ambazo hutumika wakati mzigo ni mwepesi. Matokeo yake jaribio linapita vizuri, halafu skrini inazima ukiwa unatazama video. Kwa laptopu tunapendelea mstari wa bapa kila mara.

Memori

Kwa kadi ya mfano wetu, Afterburner itaonyesha takriban 7,000 MHz, ambayo ni gigabiti 14 kwa sekunde kwa kila pini. Ukiongeza +500 unafika gigabiti 15, na upana wa njia unapanda kutoka GB 336 hadi GB 360 kwa sekunde. Nenda kwa hatua za +100, na baada ya kila hatua endesha Superposition mara mbili. Angalia alama kuliko kuangalia skrini. Memori iliyovuka uwezo wake haianguki lazima. Mara nyingine alama huacha kupanda au hushuka, huku picha ikionekana safi. Zikishuka, rudi 200.

Laptopu nyingi hazina sensa ya joto la memori, na vipande vya memori hupozwa na zile pedi tu. Kama huoni joto lake, usipite +500 hata kama inakubali. Hasara ya kukosa asilimia moja ni ndogo, na memori imelehemiwa kwenye bodi.

Kusoma dalili

Skrini ikizima sekunde chache na kurudi, kisha mchezo ukafungwa, draiva (programu ya Windows inayoiendesha kadi) imekwama. Windows husubiri kadi sekunde 2, isipojibu inaianzisha upya. Fungua Event Viewer, sehemu ya System, utakuta jina nvlddmkm. Hilo ni tatizo la kiini: punguza MHz au ongeza milivolti 12 hivi. Vitone vinavyometa, pembetatu za rangi au mistari ya kukwaruza hutokana zaidi na memori. Laptopu yote ikizima ghafla bila onyo ni joto au chaja: usiiwashe kwa dakika 10, kisha soma kumbukumbu ya joto kabla ya kujaribu tena.

Kasi ikishuka hadi mia chache za MHz na kubaki hapo wakati kadi haina joto, kwanza angalia kama dharura.bat imejiendesha, halafu angalia plagi ya chaja imekaa.

Mara nyingine kadi huchemka kwa kosa la jirani yake. Prosesa inaporuka hadi 95°C, mabomba ya pamoja hubeba joto hilo hadi kwenye kadi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha "Maximum processor state" kutoka 100% hadi 99%. Hii huzima kasi ya ziada ya prosesa, na kadi hupoa mara moja. Michezo inayotegemea sana prosesa itapoteza fremu kidogo, kwa hiyo pima kila mchezo wako.

Jaribu pia mchezo wenye miale ya mwanga (ray tracing), kwa sababu huamsha sehemu za chipu ambazo Heaven haizigusi. Mpangilio uliopita saa nne za mchezo wa kawaida unaweza kuanguka hapo ndani ya dakika tano.

Kuna mlango mmoja ambao tunaomba sana usiufungue: kubadilisha BIOS ya kadi (programu iliyoandikwa ndani ya kadi yenyewe) kwa kuweka ya laptopu nyingine yenye wati nyingi. Sehemu za umeme kwenye bodi yako zilichaguliwa kwa wati zake, chaja vilevile, na BIOS isiyolingana huweza kukuacha na skrini nyeusi ambayo fundi ataihitaji mashine maalumu kuifufua.

Kuiacha ikifanya kazi

Kitufe cha kuanzisha kasi pamoja na Windows usikibonyeze kwa wiki mbili za kwanza. Chagua profaili ya 2 kwa mkono kila unapocheza, ili mashine ikikwama, kuiwasha upya kutoshe kuirudisha salama. Ukibadilisha draiva, rudia jaribio la dakika 30, na kila baada ya miezi mitatu linganisha joto na ile karatasi ya mwanzo kwenye chumba chenye joto lilelile. Likiwa limepanda nyuzi 5, blanketi la vumbi limerudi. Na ukichomoa chaja kwenda kufanya kazi kwa betri, funga Afterburner na HWiNFO zote mbili: usomaji wao wa mara kwa mara huizuia kadi kulala, na betri ya saa tano inaweza kuishia nusu yake.